Shukrani Tuliyoitoa Mapema

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuangalia zilivyokuwa zimeunganishwa, na ndivyo nilivyojifunza karibu kila kitu ninachokijua tangu nilipoishia shule ya msingi. Nina utaratibu wangu wa kupima: mabega kwanza, kisha kifua, kisha mkono, na mwisho kola. Kwa watoto wa watu wengine kola haichukui muda. Kwa binti yangu, utepe ukishaizunguka shingo yake, vidole vyangu hubaki pale. Vinapita chini ya taya, nyuma ya masikio, vinaingia kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa bega. Vinatafuta kitu kama punje ya mahindi, na kila mara, kabla havijamaliza, huwa nimeacha kupumua.

"Mama," aliniambia siku moja, kidevu kikiwa juu, "unapima kola ao unapima kanseri?"

"Napima kola."

"Kola yangu inafika mpaka mu kwapa?"

Nikaondoa mkono. Alikuwa anacheka, lakini hakugeuka kunitazama.

Tezi za shingo zilimvimba akiwa katika mwaka wa pili wa sekondari. Hapa Kolwezi walidhani ni kifua kikuu. Ni Lubumbashi walikokata kipande, wakakitazama, wakatuambia ni saratani ya tezi. Alitiwa dawa kwenye mshipa, akapumzishwa, akatiwa tena, mpaka nywele zikaisha na nyayo zake zikapoteza hisia kiasi kwamba kandambili zilikuwa zinamtoka miguuni bila yeye kujua. Mwisho daktari alituita, akasema ugonjwa umetulia. Nilimwomba arudie, kwa sababu nilitaka kulishika neno lenyewe. Akarudia: vipimo haviuoni tena, hiyo si sawa na kusema amepona, lazima miaka ipite, na katika miaka hiyo atakuwa anarudi kupimwa. Akaongeza masharti. Asibebe vitu vizito, maana dawa ziligusa moyo. Na akishikwa na homa, hata ndogo, aende hospitali saa ileile, asingoje jioni, asingoje ruhusa ya mtu.

Nilikuwa na vitabu viwili vya tiba vya Kifaransa, nilivyovinunua vikiwa vimechakaa sokoni, na kamusi. Nikasoma kila ukurasa uliohusu tezi. Kusoma hakukunipunguzia hofu. Kuliipa tu hofu mahali pa kukaa: shingo, kwapa, kinena, joto la paji la uso.

Hatari ya pili haikuwa kwenye vitabu. Tunaishi Musonoi, karibu na mashimo ya migodi, na nyumbani kwetu yupo mama mkwe wangu, ambaye binti yangu humwita kambo, yaani bibi. Mume wangu hufanya kazi ya reli Lubudi, hurudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu, mmoja mzee, mmoja mgonjwa, na watu wakaanza kuunganisha. Mtoto anakonda, bibi yake ananenepa. Walianza kwa kunyamaza kambo anapopita kwenye bomba la maji. Baadaye watoto wakaokota vijiwe. Katika mtaa wetu nimeona mzee akitolewa nje ya nyumba yake kwa tuhuma ya bulozi, uchawi, na sikuona akirudi. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya mlango wetu wakati ule, nilikuwa naacha kukanyaga mashine mpaka iondoke.

Ndiyo maana, tuliporudi na habari ya Lubumbashi, hatukungoja miaka. Katika kanisa letu, mtu akiponywa familia hutoa shukrani. Wote huvaa kitenge cha aina moja, huingia wakicheza kutoka mlangoni, wamebeba mabeseni ya unga na kuku, na aliyeponywa huacha mbele ya meza ya Bwana kitu kimoja cha ugonjwa wake: fimbo, bandeji, chochote. Hakichukui tena. Tangu siku hiyo ugonjwa huo hautajwi, kwa sababu kuutaja ni kama kumnyang'anya Mungu zawadi. Binti yangu aliacha kile kitambaa alichofungia kichwa chake kisicho na nywele. Mchungaji akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, mutoto amepona?" Daktari alikuwa amenipa neno lingine. Lakini nilimwona kambo amesimama kando yangu na kuku wake mikononi, watu wote wanamtazama, nikajibu, "Amepona." Kanisa zima likasema amina.

Vijiwe vikaisha. Wanawake wakarudi kumsalimia kambo kwenye bomba. Tulipata tulichokitaka, na kwa muda hakikutugharimu kitu, kwa sababu shuleni mkuu, tunayemwita prefe, alijua hali yote. Alikuwa amewaambia walimu kwa mdomo tu: huyu binti akisema anatoka, atoke.

Kisha prefe yule akahamishwa, na maneno yake yakaondoka naye.

Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, mwalimu wa nidhamu alifunga geti kama kawaida ili mtu asitoroke, akawagawia wanafunzi majembe na ndoo. Binti yangu alimwambia ana homa. Mwalimu alimtazama: msichana mrefu, nywele zimeota, mashavu yamejaa.

"We, homa inakuyaga tu siku ya salongo?"

Wenzake wakacheka. Akapewa ndoo ya kubeba mchanga. Alirudi nyumbani saa geti lilipofunguliwa, vumbi jekundu limeganda kwenye jasho la uso wake, midomo imepauka. Nilimgusa shingo, nikahisi moto. Hospitali walimpa dawa kwenye mshipa, na nesi aliyempokea aliniuliza kwa nini nimechelewa kumleta. Homa ilishuka kesho yake. Hofu yangu haikushuka nayo. Niliendelea kuliona lile geti, na mnyororo wake, kila nilipofumba macho.

Nikavaa vizuri nikaenda kwa prefe mpya. Sikumwogopa kama mgeni, kwa sababu alikuwa shemasi katika kanisa letu. Kila Jumapili nilikuwa nakitazama kisogo chake kwenye benchi la mbele.

"Kaa, mama. Habari ya nyumba?"

"Nzuri, tata prefe," nikamjibu; tata kwetu ni baba.

Nilimweleza yote, nikaweka karatasi ya daktari mezani. Aliisoma pole pole, akaisoma tena. Alinieleza kwamba shule hupeleka kwenye ofisi ya elimu orodha ya wanafunzi wenye ulemavu. Aliyeandikwa haguswi na salongo, hutoka akitaka kutoka, na mtihani ukimpita kwa sababu ya matibabu hupangiwa siku nyingine. Asiyeandikwa hufuata kanuni ya wote.

"Mi niko na kijana wa magongo," akasema. "Niko na binti asiyesikia. Hao naandika bila shida. Huyu wa kwako niandike nini?"

"Saratani iliyotulia."

"Sasa kutulia nayo ni ulemavu?"

Jibu hilo nilikuwa nimelitayarisha nikishona. "Tata prefe, kijana wa magongo ukimpima akiwa amekaa kwenye dawati, utaona hana ulemavu wowote. Unampima kwenye ngazi. Na binti yangu usimpime siku ugonjwa umelala. Mpime siku homa imemkuta nyuma ya geti lililofungwa."

Nje baruti ya mgodi ililipuka, vioo vikatetemeka, sote wawili tukangoja vinyamaze kama tunavyongoja siku zote.

"Maneno yako nimeyaelewa," akasema. "Lakini ofisi itaniuliza, prefe, unamujua huyu mutoto? Nitasema namujua. Siku ya shukrani nilikuwa benchi ya mbele. Ulisema na kinywa yako: amepona. Na mi nikasema amina."

"Nilisema hivyo."

"Mwaka uliopita, kwenye shule ingine ya hapa Kolwezi nilikotoka, tata mmoja aliniletea karatasi ya moyo mubaya ya mutoto wake. Nikatia sahihi. Kiisha mutoto akaonekana anacheza mupira, na bantu bakaseka shule nzima. Nusu ya bazazi ba hapa banasali na sisi. Batasema prefe na mama mushonaji bamepatana." Akanisukumia karatasi yangu, bila ukali. "Mi sikatai, mama. Lakini siwezi kusema amina pale, kiisha nitie sahihi ya hapana hapa. Enda kwanza urekebishe pale uliposema."

Nilirudi kwa miguu, upande wa barabara ambao malori hayautupii mawe. Nilikuwa na hofu mbili, nikajaribu kuzitenganisha, jinsi ninavyotenganisha vipande vya nguo kabla ya kukata. Ya kwanza ilikuwa ya watu: nikisema hajapona, vijiwe vitarudi kwa kambo. Ya pili sikuitaka kichwani mwangu, kwa kuwa hakuna kitabu chochote kilichonifundisha hivyo, lakini ilikuwepo: kwamba nikiutaja ugonjwa kwa sauti kanisani, utasikia jina lake na kuamka.

Jioni niliwaambia wote wawili, tukiwa tunachambua maharage. Binti yangu alitupa punje mbovu kando.

"Mi sitaki kuandikwa kilema," akasema. "Batanitafutia kiti ya magurudumu ya kuniseka nayo."

"Wenzako wanajua uliugua."

"Banajua niliugua. Habajui ninaogopa."

Sikujua kwamba anaogopa. Nilikuwa nimeishi nikidhani hofu ya nyumba ile naibeba peke yangu, na yeye anacheka.

"Ile siku ya ndoo," akaendelea, "nilikuwa nahesabu bantu bako mbele yangu kwenye geti. Nikasema kama nikianguka, banikute karibu na mulango."

Kambo aliacha maharage. Alimtazama mjukuu wake, halafu mimi. "Wewe unanyamaza juu ya kunilinda mi?" akaniuliza.

"Mama, watu walianza na vijiwe. Unakumbuka."

"Nakumbuka. Na mi niko na miaka ya kutosha. Huyu hana." Akarudi kuchambua. "Jumapili tunaenda bote. Na kitenge ileile."

Kwa jinsi ninavyojua, hakuna mtu aliyewahi kurudisha ushuhuda katika kanisa letu. Mchungaji aliniruhusu kwa sababu hakujua nitakachosema. Alipouliza ni nani mwenye neno, nilisimama. Nilikuwa nimepanga sentensi nne, wazi na fupi. Nilifika mbele, nikaona nyuso, nikaona kisogo cha prefe kimekuwa uso. Nilisema tu, "Siku ile niliulizwa kama amepona," nikashindwa kuendelea. Watu wakaanza kunong'ona. Wanawake wa safu ya pili walikuwa tayari wanamtazama kambo.

Binti yangu akapita kando yangu. Sikumwomba. Alisimama pale alipokuwa ameacha kitambaa chake.

"Shukrani yangu siirudishi," akasema. "Mungu alitulizaga ugonjwa, na mi nilimushukuru kwa kweli. Lakini haijaisha. Ni kama nyumba zetu za hapa Musonoi. Baruti ilipasua ukuta, tukaziba na sima ya kujengea, ukuta umesimama. Tunalala ndani. Lakini hakuna mutu anaweka kabati pale kwenye ufa. Kila asubui mama anaangalia kama sima imepasuka tena. Njo vile maisha yangu iko. Nikisema nina homa, munifungulie geti. Ni ile tu naomba."

Kanisa lilinyamaza. Ukimya ule niliuogopa kuliko kelele, kwa sababu nilijua unachotafuta, na ulikuwa umeshaanza kugeuka kuelekea benchi la kina mama. Kambo akasimama kabla haujafika.

"Na mwenye anataka kusema mi njo namukula huyu mutoto," akapaza sauti, "akuje aangalie mu kinywa yangu! Meno iko wapi? Hata mihogo banaponda mbele njo nakula!"

Mtu mmoja akacheka kwa kushtuka, halafu wa pili, halafu wengi. Si wote. Prefe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, na nikamsikia akisema "Amina," kwa sauti ya mtu anayejibu swali aliloulizwa yeye peke yake.

Wiki ile alitia sahihi. Ofisi ya elimu haikuchukua muda mrefu, na binti yangu akapewa kibali kilichoandikwa kwamba ni mwanafunzi mwenye ulemavu. Alikikunja mara nne, akakiweka ndani ya soksi. Wengine walikuja kunisalimia zaidi ya mwanzo. Mteja mmoja wa zamani alimtuma mtu achukue kitambaa chake ambacho nilikuwa bado sijakikata, bila kutoa sababu, na kwenye bomba kambo alirudi kuteka maji baada ya wote. Hakulalamika. Mimi, kila alipochelewa kurudi, nilikuwa natoka mlangoni.

Mvua zilipoanza, mitihani ya katikati ya mwaka ikaanza nayo. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye mashine, mlango wazi kwa ajili ya mwanga. Mtaa ulikuwa mtupu, wanafunzi wote wakiwa ndani ya madarasa. Nikainua macho kukata uzi, nikamwona anakuja peke yake, mkoba mgongoni, blauzi nyeupe, anatembea katikati ya barabara bila haraka.

Tangu siku ile ya ndoo nilikuwa nimeomba kitu kimoja: aweze kutoka. Sasa alikuwa ametoka, na hilo ndilo lililonitisha. Kama yuko hapa saa hii, basi kuna sababu.

"Bamenifungulia," akasema alipofika. "Niliweka kalamu chini, nikasimama. Hata mwalimu hakuniuliza." Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilimshika shingo. Ilikuwa moto.

Sikufunga hata mlango. Nilisimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, tukapanda wote wawili nyuma ya dereva. Hospitali nesi alikuwa yuleyule. Safari hii hakuuliza kwa nini nimechelewa. Alimtoa damu kidoleni na nyingine mkononi, akasema tungoje. Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Binti yangu aliegemea bega langu, akasinzia, na mimi nikawa najisemea nilichosoma: homa, jasho, kukonda, tezi. Homa anayo. Jasho analo. Kukonda, nilimpima kifua mwezi uliopita, alikuwa ameongezeka. Tezi. Nilitaka kupeleka mkono na nikaogopa kupeleka mkono.

Kambo akatokea mlangoni na sufuria ya uji iliyofungwa kwa kitambaa. Jirani alikuwa amemwambia tumepita tukikimbia, naye akaja kwa miguu. Alikaa upande wa pili wa mtoto.

Daktari wa zamu akatuita. Alikuwa na majibu ya damu mkononi, lakini aliyaweka kando kwanza, akamwinua binti yangu kidevu, akapitisha vidole chini ya taya, nyuma ya masikio, juu ya mfupa wa bega, kwapani. Nilivifuata vidole vyake sehemu baada ya sehemu. Hapo kwenye bega la kushoto vilikaa zaidi kidogo. Kisha vikaondoka.

"Sioni tezi," akasema. "Ni malaria."

Nilimwomba arudie. Akarudia.

"Malaria tu?" kambo akauliza.

"Malaria, mama. Na mmewahi."

Kambo akafungua sufuria yake. "Sasa," akamwambia mjukuu wake, "Jumapili tutoe shukrani juu ya malaria? Tutaacha nini mbele, mbu?"

Binti yangu alicheka mpaka akakohoa, na nesi aliyekuwa ameanza kumtia dawa kwenye mshipa akamwambia atulize mkono wa sindano.

Jioni walituruhusu. Kambo alipanda pikipiki yake ya mbele, sufuria mapajani, anamfokea dereva apunguze mwendo. Sisi tulifuata, binti yangu katikati, mimi nyuma. Malori ya madini yalikuwa yanapishana nasi, na mvua ilikuwa imelaza vumbi. Nilipitisha mkono mbele yake kumshikilia, kama kila mzazi anavyomshikilia mtoto kwenye pikipiki, na baada ya muda mkono ukapanda.

"Mama. Daktari amekwisha kupima."

"Najua."

Akainua kidevu kidogo, akaniachia nafasi.